Subira na Utii: Mawaidha Yatokayo Katika Khabari za Kua

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Asiyekhalifu ahadi Yake. Na Rehema na Amani zimshukie Mtume Wake Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Fahamuni, enyi ndugu Waislamu, ya kuwa baina ya mja na Mola wake mna mambo mawili: amri na ahadi. Amri ni juu ya mja kuzitenda, na ahadi ni za Mwenyezi Mungu kuzitimiza. Kwa hiyo katika amri hutakiwa wepesi, na katika ahadi hutakiwa subira. Mwenye kufahamu hivi amekwisha pata nusu ya raha ya dunia, na njia ya Akhera imemnyokea.

Walakini watu wengi huyageuza mambo haya. Amri huziahirisha: sala mpaka wakati ukaribie kutoka, deni mpaka mwenye kudai afe, Hija mpaka miguu ishindwe. Na ahadi huzifanyia pupa: Mungu ameahidi riziki, nao huifuata kwa njia ya haramu, Mungu ameahidi kumnusuru aliyedhulumiwa, naye aliyedhulumiwa hujinusuru kwa dhulma iliyo kubwa kuliko ya kwanza. Na tazameni mfano ulio karibu, katika visiwa vya Mafia.

Katika kisiwa cha Juani, upande wa magharibi, yako magofu ya mji wa Kua. Kuta za jumba la wafalme zingalipo, na misikiti, na makaburi, na mibuyu imeota baina ya nyumba. Ulikuwa mji wa Waislamu, wenye adhana na sala za jamaa. Na katika kisiwa kikubwa cha Mafia, upande wa machweo, palikuwa na mji mwingine wa Waislamu, Kisimani, ambao sehemu yake imekwisha liwa na bahari. Na khabari za miji hii miwili wazee wa Mafia wamezipokea kizazi kwa kizazi.

Husimuliwa ya kuwa watu wa Kisimani waliunda jahazi, na siku ya kulishua wakawaalika watu wa Kua katika karamu. Kulipokuwa na furaha, wenyeji wakawakamata watoto wa Kua, wakawafunga, wakawalaza mchangani mbele ya jahazi, wakalishua juu ya miili yao. Baba zao na mama zao wakarudi Kua pasi na watoto.

Watu wa Kua hawakutoa neno. Ikapita miaka saba au minane, hata ikadhaniwa ya kuwa jambo lile limesahauliwa. Kisha wakatuma mwaliko Kisimani: kuna harusi Kua, na ndugu zao waje. Wageni wakafika jioni, wakateremshwa katika chumba cha chini ya nyumba, wakawekewa chakula. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, hata akabaki mzee mmoja tu, akiwazungumza wageni kwa maneno mazuri. Na huku mzee akizungumza, mlango ulikuwa ukizibwa kwa mawe na chokaa, wala wageni hawakutambua mpaka umekwisha. Wakafa humo wote, na mzee pamoja nao.

Hiyo ndiyo khabari. Na mwenye akili asiipite mbio.

Kwanza, dhulma ya watu wa Kisimani ilikuwa kubwa, wala hapana awezaye kuifanya ndogo. Damu ya mtoto haina udhuru. Mzazi aliyeona mwili wa mwanawe chini ya mkuku wa jahazi hakatazwi kulia, wala hakatazwi kudai haki yake. Sharia imempa njia: aende kwa kadhi, mwuaji ashitakiwe kwa ushahidi, na walii wa damu akhiari baina ya kisasi, na diya, na kusamehe. Walakini kisasi cha Sharia humpata aliyeua peke yake. Mwenyezi Mungu amekwisha bainisha katika Kitabu Chake ya kuwa nafsi haichukui mzigo wa nafsi nyingine. Je, wale walioketi katika chumba cha Kua, wote walishika kamba siku ile ya kushua? Hapakuwa na mmoja aliyekuja kwa ajili ya harusi tu? Hapakuwa na kijana ambaye siku ya jahazi alikuwa mtoto, kama watoto wale waliouawa?

Pili, watu wa Kua walingoja miaka saba. Huenda mtu akasema, "Hiyo ndiyo subira." Hasha! Subira ni kuizuia nafsi katika utii wa Mwenyezi Mungu. Mwenye kuuzuia mkono wake leo ili apige vizuri zaidi kesho hakuzuia kitu. Yangeyange husimama kimya katika maji machache asubuhi nzima, wala hapana amsifuye kwa subira, anangoja samaki. Kadhalika wale. Kila siku katika miaka ile mlango wa suluhu ulikuwa wazi, na kila siku waliufunga kidogo, kabla ya kuufunga mlango wa chumba.

Tatu, mfikirini mzee yule. Alikuwa na ulimi uwezao kuwatuliza watu, na moyo usioogopa mauti. Lau angalipanda chombo mwaka wa kwanza kwenda Kisimani, akasimama mbele ya wakubwa wa mji na ulimi ule na moyo ule, akadai haki ya watoto kwa njia ya Sharia, huenda damu ingalilipwa na miji ikapona. Mungu alimpa ala za kusuluhisha, naye akazitumia kuwashughulisha watu mpaka wazikwe hai. Basi kila mwenye ulimi mtamu na aulize nafsi yake: unajenga nini?

Sasa linganisheni na mwendo wa Mtume, Rehema na Amani zimshukie. Katika mwaka wa 3 wa Hijra, yaani mwaka 625, katika vita vya Uhudi, aliuawa ami yake Hamza bin Abdul Muttalib kwa mkuki wa Wahshi, na mwili wake ukakatwakatwa. Mtume alipouona alihuzunika huzuni kubwa. Na wafasiri wamepokea ya kuwa mwisho wa Sura ya Nahl unahusu siku ile: Waislamu waliruhusiwa kulipa mfano wa walilotendewa bila kuzidisha, na wakaambiwa ya kuwa kusubiri ni bora zaidi. Mtume akashika lililo bora.

Ikapita miaka mitano. Katika Ramadhani ya mwaka wa 8 wa Hijra, yaani mwaka 630, Makka ikafunguka, na wale waliomtoa katika mji wake na kupigana naye wakawa mikononi mwake, kama watu wa Kisimani walivyokuwa mikononi mwa watu wa Kua. Akawaacha huru, kama Nabii Yusuf alivyowaachilia ndugu zake. Hata Wahshi, alipokuja na kusilimu, alipokewa Uislamu wake. Mtume alimtaka tu asimwonyeshe uso wake, kwani uchungu wa Hamza ulikuwa ungalipo. Basi fahamuni: kusamehe si kuambiwa usiumwe. Ni kuumwa, na pamoja na hayo usivuke mpaka wa Mola wako.

Miaka mitano Madina, na miaka saba Kua. Kote kulikuwa na kungoja. Walakini wa Madina walingoja hali wakitii kila siku, na wa Kua walingoja hali wakiasi moyoni kila siku.

Na utii wa wale wa Madina haukuwa wa kesho. Ilipokuja khabari ya kuwa kibla kimegeuzwa kuelekea Kaaba, watu wa Kuba walikuwa katika sala ya alfajiri. Hawakusema, "Tumalize kwanza." Waligeuka humo humo ndani ya sala. Na ilipotangazwa haramu ya ulevi, waliokuwa na mitungi waliimwaga, hata ukapita katika njia za mji. Na mama yake Nabii Musa, kama ilivyo katika Sura ya Qasas, aliamrishwa amtupe mwanawe mtoni na akaahidiwa kurudishiwa. Alitii amri palepale, ndipo akaingoja ahadi, wala hakusema, "Nione ahadi kwanza ndipo nitii." Naye akarudishiwa mwanawe.

Basi katika jambo la ugomvi, amri ni ipi? Mtume amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na amewasifu walio bora kuwa ni wale watanguliao kutoa salamu. Siku tatu, si miaka saba!

Ama mwisho wa Kua, ni mashuhuri. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika zama za Sayyid Said bin Sultan aliyetawala toka 1806 hata 1856, Wasakalava wa Bukini walikuja kwa mitumbwi yao, wakauvunja mji, wakachukua watu mateka. Waliosalimika wakahamia Chole na kwingineko, na Kua haikujengwa tena. Wala mtu asiseme ya kuwa hayo ni malipo ya chumba kile. Waliotekwa walikuwa watu wengine, na ilmu ya hukumu za Mungu iko Kwake. Linalojulikana ni hili: jahazi halikuwafaa Kisimani, wala kisasi hakikuwarudishia Kua mtoto hata mmoja. Leo mmoja magofu, na mwingine huliwa na maji.

Enyi ndugu, msidhani chumba kile kiko Juani tu. Ndugu wawili waliorithi shamba moja la minazi, wakasimama safu moja msikitini na hawaamkiani, wanakijenga. Aliyeudhiwa na jirani, akanyamaza, akaziweka khabari zake mpaka siku ya aibu yake, anakijenga. Asiyekwenda kumzika mtu kwa ajili ya neno la miaka kumi, amekwisha kijenga. Na kumbukeni: aliyebaki kuwazungumza wageni hakutoka.

Basi aliye na haki na aidai kwa njia iliyo halali, wala asiogope, kwani maombi ya aliyedhulumiwa hayana pazia baina yake na Mwenyezi Mungu. Aliyedhulumu na arudishe leo, kabla ya siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu. Na mwenye kuhasimiana na nduguye, asingoje sala ya Ijumaa ijayo. Jioni hii ampigie hodi.

Ee Mola, tupe wepesi katika amri Zako na subira katika ahadi Zako, na uwarehemu watoto wa Kua, na uzisafishe nyoyo za Waislamu. Amin.