Fedha ya Video na Sura ya Mwenzio

Fedha ya video ni fedha halali. Naanza na hilo kwa sababu bado nawasikia wazazi wanaomwona kijana amepanga simu kwenye kijiti, anarudia sentensi ileile, wakasema anapoteza muda. Anayekesha akikata picha, akipunguza kelele za bodaboda kwenye sauti, akiandika maneno chini ya video na kungoja bando la usiku ndipo aipandishe, huyo yuko kazini. Asiyeamini ajaribu kutengeneza dakika nane ambazo mtu asiyemjua atakubali kuzitazama mpaka mwisho.

Na njia ya kuifikia fedha yenyewe ni ndefu kuliko inavyosimuliwa vijiweni. YouTube ilianza mwaka 2005, na mwaka 2007 ikaanza kugawana mapato ya matangazo na wenye chaneli. Tangu mwaka 2018, anayetaka kuingia kwenye mgawo huo kwa video ndefu sharti awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama kila anayefungua video yako anakaa dakika nne kisha anaondoka, unahitaji kutazamwa mara 60,000 kabla hujaona senti moja. Ukikubaliwa, unachukua asilimia 55 ya fedha ya matangazo kwenye video ndefu na asilimia 45 kwenye zile fupi. Ukifikisha dola 10, unatumiwa barua ya karatasi yenye namba ya siri kwa njia ya posta, na hapo ndipo vijana wengi hugundua kwamba hawana S.L.P. Wanaazima ya shule, ya kanisa, ya ofisini kwa mjomba. Fedha haitumwi benki mpaka ifike dola 100.

Halafu kuna jambo la mtazamaji anaishi wapi. Matangazo yanauzwa kwa bei ya soko la anayetazama, kwa hiyo video ya Kiswahili iliyotazamwa na watu laki moja wa Tanzania huleta fedha kidogo sana ukilinganisha na ile iliyotazamwa na watu laki moja wa Marekani. Hata wale ndugu zetu wa Marekani wanaotutazama, pato linalotokana nao limekuwa likikatwa kodi ya huko ya asilimia 30 tangu Juni 2021, kwa sababu Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na nchi hiyo. Hapa Afrika Mashariki nako, Kenya iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa watengeneza maudhui mwaka 2023, na Tanzania ikafuata mwaka 2024. TikTok ilipofungua mfuko wa kuwalipa watengenezaji mwaka 2020, ilianza na Marekani kisha Ulaya. Sisi hatukuwamo. Vijana wetu wakabaki na zawadi za kwenye laivu, mawaridi na simba wa kuchorwa, ambazo kampuni nayo huchukua sehemu yake.

Nayasema haya yote ili ieleweke kwamba kijana anayetafuta riziki kwa kamera anabanwa pande nyingi. Anahitaji watazamaji wengi mno kwa fedha kidogo, na anawahitaji upesi. Hapo ndipo ninapoona hatari, na ndicho kilichonifanya nikae niandike.

Mpwa wangu ni fundi pikipiki Gongo la Mboto. Ana chaneli ndogo ambamo anafundisha kusafisha kabureta, kubadilisha plagi, kukaza cheni ya Boxer isiruke. Anazungumza Kiswahili cha taratibu, mikono imejaa grisi, na wanamwandikia watu kutoka Bukavu, Lubumbashi na Mombasa kumshukuru. Fedha ya matangazo haimlipii hata pango la kibanda. Kinachomlisha ni kwamba mtu akishamwona anavyofungua injini, humwamini, akamletea pikipiki au akamwagiza vipuri. Nadhani wengi watakaodumu katika kazi hii watadumu kwa njia hiyo, ya kuuza ujuzi ambao video imeutangaza, na hao ndio ninaowaombea wawe wengi.

Siku moja dereva wa bodaboda alikwenda kuchukua pikipiki yake akiwa hana fedha ya matengenezo. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkataba, hesabu ya bosi inamsubiri jioni, na asipoipeleka ananyang'anywa chombo. Alibembeleza, akapandisha sauti, mwisho akalia mbele za watu. Kijana mmoja pale kibandani alikuwa anarekodi. Mpwa wangu akaipandisha. Kwa siku chache ile video ilitazamwa kuliko masomo yake yote ya kabureta ukiyaweka pamoja.

Nilimwomba aiondoe. Akanijibu kwa adabu lakini kwa msimamo: "Mjomba, hiyo ndiyo imenifikishia saa zangu. Nikiifuta, na saa zake zinafutika." Na ni kweli, video ikifutwa saa zake haziingii tena kwenye hesabu. Tulibishana sana. Hoja yake haikuwa ya kijinga: yule dereva alikuwa mahali pa wazi, hakutukanwa, na deni alikuwa nalo kweli. Hoja yangu ilikuwa moja, kwamba machozi yale hayakuwa mali ya fundi. Aliitoa baada ya mama wa yule dereva kumpigia simu. Sikuwepo walipozungumza, na sikutaka kumuuliza aliambiwa nini.

Tangu hapo nimekuwa nikitazama kwa jicho jingine mambo yanayopendwa mitandaoni kwetu. Mtambo unaopanga video hupima watu wamekaa muda gani, wamebonyeza nini, wamemtumia nani. Hauna namna ya kujua kama aliyetazama alikuwa anajifunza au anashangaa aibu ya mtu. Dakika ya mafunzo na dakika ya fedheha zinaingia kwenye hesabu ileile, na kati ya hizo mbili, ya fedheha ndiyo rahisi kuipata. Haihitaji ujuzi, haihitaji maandalizi. Inahitaji mtu mwenye shida na simu yenye chaji.

Nendeni misibani Dar es Salaam mkaone. Mtu akifa na jina lake likiwa linajulikana kidogo tu, vijana wa televisheni za mtandaoni wanafika kabla hata turubai halijafungwa. Nimekaa kwenye mkeka nikamwona mjane akiwekewa vipaza sauti mdomoni, vingi, vya rangi rangi, huku akiulizwa neno la mwisho la marehemu lilikuwa lipi. Wanawake waliokuwa wamemshika walishindwa kuwafukuza. Jioni video ikawa hewani na kichwa cha habari kinasema mjane AFUNGUKA. Hakuwa amefunguka. Alikuwa analia, na watu wakambana. Katika mila zetu zote ninazozifahamu, za pwani na za bara, mfiwa hufunikwa: hutandikiwa ndani, huwekewa watu wa kumpokelea maneno, hata chakula hapiki. Tumemtoa kwenye ulinzi huo bila kushauriana, na fedha iliyopatikana kwa kumtoa haikumfikia hata kwa jina la rambirambi.

Kundi jingine linaniumiza zaidi kwa sababu linajiita la wema. Namfahamu mama mmoja wa Tandika anayeuza vitumbua asubuhi. Alifikiwa na vijana wenye mfuko wa unga, galoni ya mafuta na bahasha. Kabla ya kukabidhiwa, aliombwa aonyeshe anapolala. Aliombwa aeleze mumewe alivyoondoka. Akaombwa aeleze tena, kwa kuwa gari lilipita likaharibu sauti. Alilia, akashukuru, akapiga magoti. Kamera ilizunguka chumba kizima, kitanda, ndoo, sare za watoto zilizotundikwa ukutani. Binti yake yuko sekondari, na wiki iliyofuata wenzake darasani walikuwa nayo video kwenye simu za wazazi wao. Nilipozungumza na mama huyo hakuwa na chuki na mtu. Aliniambia: "Unga tuliumaliza kabla ya Idi, baba. Ile video bado ipo."

Wazee walituachia neno: tenda wema nenda zako. Najua jibu la vijana, maana nimeshaambiwa: bila kamera hakuna watazamaji, bila watazamaji hakuna fedha ya kununua unga wa mama mwingine. Hoja hiyo naiheshimu, na kwa baadhi yao naamini ni ya kweli. Lakini kama fedha inatokana na video ya yule mama, basi yule mama ni mshirika katika biashara hiyo, hakuwa mpokea sadaka. Alileta mtaji mkubwa kuliko wa mwenye kamera. Alileta sura yake, chumba chake, ndoa yake na jina la mwanawe shuleni. Mshirika hupewa hesabu, huulizwa kabla mali haijaenda sokoni, na akisema mali irudishwe, inarudishwa.

Kwa wengine, nje na ndani ya Afrika Mashariki, jambo hili limeshaingia kwenye sheria. Jimbo la Illinois nchini Marekani lilipitisha mwaka 2023 sheria iliyoanza kutumika Julai 2024: mzazi anayepata fedha kwa video zinazomtegemea mtoto wake analazimika kumwekea mtoto huyo sehemu ya pato. Jirani zetu wa Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya starehe ya Nairobi ikatozwa 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ruhusa yake. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Mama wa Tandika hajawahi kusikia habari ya Tume hiyo. Ningependa kuona maofisa wake wakizungumza sokoni na misikitini kama wanavyozungumza kwenye kumbi za semina.

Lakini sitaki kuiachia sheria peke yake. Sisi tulishajaribu kutawala mitandao kwa ada: kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye chaneli alipe zaidi ya shilingi milioni mbili kwa mwaka wa kwanza, ada ambazo baadaye zilipunguzwa. Wenye mitaji midogo na kazi nzuri ndio walioumia kwanza. Aliyekuwa na uwezo wa kulipa alirudisha gharama zake kwa njia ya haraka, na njia ya haraka tumeshaiona ni ipi.

Ninapotafuta mfano wa kuwapa vijana, namkumbuka Kili Paul na dada yake Neema, ndugu wa Kimaasai wa kijijini mkoa wa Pwani. Walisimama mbele ya simu na mavazi yao ya asili wakifuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi, nyuma yao nyasi na ng'ombe. India nzima ikawatazama. Februari 2022 Ubalozi wa India jijini Dar es Salaam ulimpa Kili heshima, na mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao katika kipindi chake cha redio. Kuna watu wanaodharau kazi ile kwa kuwa nyimbo si zao. Mimi naona kitu kingine. Sura walizotumia zilikuwa zao wenyewe, na furaha ilikuwa yao. Hakuna aliyevuliwa nguo ili wao wavae.

Kwa hiyo nawaomba vijana wenye kamera, na mpwa wangu akiwemo. Muulizeni mtu kabla ya kumrekodi, na mumuulize tena akishatulia, maana ridhaa ya mtu mwenye njaa aliyeshikiwa mfuko wa unga haijatimia. Mwonyesheni video kabla haijapanda. Mkipata fedha, mpelekeeni fungu lake na mumweleze limetokana na nini. Watoto na wafiwa waacheni kabisa. Na mtu uliyemrekodi akikupigia simu siku yoyote, hata baada ya mwaka, akakuomba uifute, ifute siku hiyohiyo na saa zake zipotee.

Nawe unayesoma, usidhani huna sehemu. Dakika zako ndizo zinazolipwa. Leo jioni ikikufikia video ya mtu analia, usiitazame mpaka mwisho, usimtumie mwenzio, na usiandike chochote chini yake, hata neno la huruma, kwa kuwa nalo linahesabiwa. Tafuta fundi anayefundisha kufunga kabureta, umtazame huyo mpaka mwisho.