Anza na Betri, Mwanangu

Mwanangu, toa kidole kwenye kitufe hicho. Pampu haisikii matusi, na kila ukibonyeza unazidi kuimaliza betri, ambayo huenda ndiyo mgonjwa mwenyewe.

Chumba cha ubavuni mwa gari-nyumba, kile kinachosukumwa na pampu ya oili, kikikwama, nyinyi vijana mnakimbilia kuagiza pampu mpya. Huku Marekani fundi anayekufuata kambini hutoza hata safari yake, kwa hiyo nakuomba, kama nilivyokwisha kukuomba, uanzie pasipo na gharama. Handibreki umeivuta? Magari-nyumba mengi hayatoi chumba mpaka ivutwe. Kisha pima betri. Iliyojaa na kutulia husoma kama volti 12.6, lakini usiridhike hapo. Mkeo abonyeze mara moja huku wewe umeshika mita. Volti zikiporomoka, betri imechoka au vichwa vyake vimelegea. Ule unga wa kijani kwenye waya wa ethi unatosha peke yake kuinyima pampu moto.

Halafu sikiliza, jambo linalowashinda wengi. Ukisikia "ta" moja na kimya, relei inaitika ila moto haufiki kwenye mota, au mota imekufa. Mota ikinguruma na chumba kisisogee, hapo ndipo uende kwenye oili.

Oili hupimwa vyumba vyote vikiwa ndani na jeki za kusawazisha gari zimepanda. Vikiwa nje, oili iko kwenye silinda na tangi linaonekana pungufu; ukilijaza, litafurika siku ya kuondoka. Mifumo mingi hutumia oili nyekundu ya giaboksi ya otomatiki, lakini soma kibandiko. Oili ya breki usiniletee kabisa, itakula sili. Ukiona povu, hewa imeingia.

Kama inavuja, usipapase mpira wa oili kwa mkono. Mchirizi wenye presha hutoboa ngozi na kupeleka oili ndani ya nyama. Kidonda huonekana kama tundu la sindano, nawe unaweza kupoteza kidole. Pitisha kipande cha boksi. Ukichomwa, hospitali saa hiyo hiyo, hata kama hakiumi.

Na chumba kikigoma kurudi wakati mvua inakuja, pampu nyingi zina kichwa cha kuzungusha kwa drili, baada ya kugeuza valvu kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Kabla hujazungusha, watoe watoto humo ndani.