Hii Si Sehemu ya Onyesho

Mtu asiyefuatilia mieleka ya televisheni akigundua kwamba mimi naifuatilia, swali lake la kwanza huwa moja: "Lakini si unajua kwamba yale ni maigizo?" Huuliza kwa upole, kama anayenipa taarifa ya msiba. Najua. Nilijua tangu darasa la tatu, na watoto wote tuliobanana kwenye mabenchi ya kibanda umiza cha mtaani kwetu tulijua, hata wale waliobisha mpaka machozi. Msamiati tulikuwa nao tayari kutoka kwenye filamu: kuna steringi, kuna adui, na steringi hafi. Undertaker alizikwa akarudi, akazikwa tena akarudi tena, na hakuna mtoto aliyekimbia nyumbani kumwambia mama yake kwamba huko Marekani mtu amefufuka.

Swali langu ni jingine, na limenikaa zaidi tangu nianze shahada ya uzamili ya falsafa. Ikiwa sote tumekubaliana kwamba yanayotokea ulingoni yamepangwa, siku mtu akiumia kweli, au akifa, nani atatuambia, na tumwamini kwa lipi? Halafu linafuata lililo gumu zaidi: wapangaji wakishaupata ukweli huo, wana haki ya kuugeuza hadithi?

Katika semina ya maadili tulisoma Agostino kuhusu uongo. Ni mkali kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kupata. Kwake huruhusiwi kudanganya hata kwa ajili ya kuokoa maisha ya mtu. Lakini kabla hajaanza kuhukumu, anaweka utani pembeni. Utani si uongo, anasema, kwa sababu sauti ya anayetania na hali yake vinaonyesha wazi kwamba hakusudii kumdanganya mtu. Wenzangu wakaanza kutoa mifano ya vichekesho. Mimi niliwaza mieleka.

Kwa miaka mingi mieleka ya kulipwa haikuwa utani wa namna hiyo. Wenyewe waliiita siri yao keifebi: steringi na adui wasionekane wakisafiri gari moja, na aliyejifanya kuvunjika mguu achechemee mpaka dukani. Ule ulikuwa uongo kamili, wa kuficha. Kisha mwaka 1989 kampuni ya Vince McMahon, wakati huo ikiitwa WWF na leo WWE, ikawaeleza maseneta wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka yao ni burudani, si mashindano. Haikuwa toba. Walitaka kuondokana na usimamizi wa tume ya michezo ya jimbo, pamoja na gharama zake. Hata hivyo, tangu hapo shabiki hana tena pa kusema kwamba amedanganywa. Tuliingia kwenye utani wa Agostino, na huko kila kitu kinategemea sauti.

Sauti hiyo ni ya mtangazaji. Mashabiki husifu wanamieleka na kuwalaumu wapangaji (kila shabiki ninayemfahamu anaamini angepanga vizuri zaidi, mimi pia, na ushahidi ninao), lakini mtangazaji husahaulika mpaka siku aharibu. Kazi yake, ukiitazama kimaadili, ni ya ajabu. Anajua mengi ya yaliyopangwa. Sikioni ana kifaa kinachomletea maelekezo kutoka nyuma ya pazia, na kwa miaka mingi aliyeelekeza alikuwa McMahon mwenyewe. Bado anatakiwa ashangae.

Kwangu mimi hajatokea kama Jim Ross, yule wa Oklahoma mwenye kofia nyeusi pana. Wengi humkumbuka kwa mayowe. Mimi namkumbuka kwa magoti. Mtu akipigwa goti mwanzoni mwa mechi, mwishoni Ross atakukumbusha goti lile, kwa nini jamaa hawezi kuruka, kwa nini amechelewa kugeuka. Aliuheshimu mwili hata pale maumivu yalipokuwa ya kuigiza. Pembeni yake alikaa Jerry Lawler, mwanamieleka wa Memphis aliyejiita Mfalme, kazi yake ikiwa kumtetea adui kwa hoja mbovu kabisa ili tuliokaa nyumbani tupate wa kubishana naye. Kibandani kwetu, kaka aliyeshika rimoti alitutafsiria wote wawili. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini kupanda na kushuka kwa sauti alikupatia barabara, na sisi tuliielewa mechi kwa kupanda na kushuka huko.

Tarehe 28 Juni 1998, mjini Pittsburgh, Undertaker alimtupa Mick Foley kutoka juu ya kizimba cha chuma, kimo cha karibu mita tano, akaangukia meza ya watangazaji. Ross akamwita Mungu awe shahidi kwamba mtu yule amevunjika vipande viwili. Anguko lile wawili wale walikuwa wamelipanga. Foley akapanda tena kizimbani, safari hii akabamizwa juu ya paa, wavu ukaachia, akaporomoka mpaka ulingoni. Hilo halikupangwa liwe hivyo, na jino lake likaishia puani. Sauti ya Ross ilikuwa juu mara zote mbili. Nimeirudia mechi ile mara nyingi kuliko vitabu vya kozi yangu, na ningefumba macho nisingeweza kukwambia anguko lipi lilikuwa la mpango.

Haujapita mwaka, tarehe 23 Mei 1999, ikaja Kansas City. Owen Hart alikuwa na miaka 34. Usiku huo alikuwa amevaa vazi la Blue Blazer, shujaa wa kuchekesha, na alipaswa kushushwa kwa kamba kutoka darini. Akikaribia ulingo ajifanye amenaswa, kisha ajifungue aanguke kifudifudi, watu wacheke. Kwa ajili ya kichekesho hicho alifungwa kifungo cha kuachia haraka. Kikaachia akiwa juu, zaidi ya mita ishirini. Waliokuwa kwenye televisheni hawakuona, kwa sababu wakati huo walionyeshwa mahojiano yaliyorekodiwa mapema. Ukumbini wengi walidhani ni sehemu ya mambo, hata kwamba kilichoanguka ni sanamu.

Lawler aliinuka mezani akaenda ulingoni kutazama. Ross akabaki na kipaza sauti. Akawaambia watazamaji kwamba hii si sehemu ya burudani ya usiku ule. Baadaye ni yeye aliyewatangazia kwamba Owen amefariki. Waliokaa ukumbini hawakuambiwa chochote, na mechi zikaendelea kwenye ulingo uleule. Kuhusu kuendelea kule sina falsafa ya kuongeza: ilikuwa aibu.

Kinachonirudisha kwenye usiku ule ni tatizo alilokuwa nalo Ross. Mwaka uliotangulia alikuwa amekwisha kumtaja Mungu kwa ajili ya anguko la mpango. Neno zito kuliko hilo angelitoa wapi? Hakulitafuta. Alishusha sauti. Akasema polepole, kama mtu wa kawaida anayezungumza na watu wa kawaida, na kwa sababu hatukuwa tumezoea kumsikia hivyo, aliaminika. Mayowe ni mali ya onyesho, na onyesho lina haki ya kuyatumia litakavyo. Ile sauti tupu ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa mlango wa dharura.

Mlango huo ulifunguliwa tena tarehe 10 Septemba 2012 huko Montreal, na safari hii aliyeanguka ni Lawler. Alikuwa ameshapigana mechi mapema jioni ile, akarudi mezani kutangaza, na moyo wake ukasimama akiwa kazini. Mwenzake alikuwa Michael Cole, ambaye mwaka uliotangulia alipewa nafasi ya adui, tena adui wa kuudhi kweli, aliyetangaza kutoka ndani ya kibanda cha vioo na kugombana na Lawler mpaka wakapigana WrestleMania. Mimi sikuwahi kumpenda Cole. Lakini usiku ule aliwaambia watazamaji kwamba hili si la mchezo, akawa anarudi mara chache kutoa taarifa, na muda uliobaki hakutangaza mechi hata moja. Wanamieleka wakapigana bila sauti ya mtangazaji. Unasikia viatu, unasikia mgongo ukigonga ulingo, unasikia watu wasiojua washangilie au wanyamaze. Sijawahi kusikia utangazaji bora kuliko ule.

Lawler alipona. Tarehe 12 Novemba akarudi kazini, watu wakamshangilia wamesimama, na ndipo wakaingia CM Punk, adui mkuu wa wakati ule, pamoja na msemaji wake Paul Heyman. Katikati ya majigambo Heyman akajishika kifua, akaanguka, akagaragara. Miezi miwili tu ilikuwa imepita.

Niliieleza habari hii kwa mwenzangu wa darasani, nikitarajia achukie pamoja nami. Yeye ni Mnyamwezi, mimi ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu na hana deni la kunihurumia. Akacheka. "Sasa hapo kosa liko wapi, mtani? Wewe ukifa nitakuja kulala kwenye jeneza lako, na ndugu zako watanilipa ndipo niinuke."

Hakutia chumvi. Babu yangu alipofariki, mtani mmoja alivaa kofia yake na kushika bakora yake, akatembea uani akikohoa kikohozi kilekile kilichomuua, akimwuliza bibi mbona chai imechelewa. Bibi alicheka kilio kikamkatika. Hakuna aliyesema marehemu ametukanwa. Kama kuigiza kikohozi cha aliyekufa kunaweza kuwa tendo la upendo, nitamlaani vipi Heyman kwa kuigiza ugonjwa wa mtu aliyepona, aliyesimama palepale mbele yake, na ambaye ni fundi wa kazi hiyohiyo?

Utaniambia mtani ana wajibu wake: ndiye aliyeshika jembe makaburini, ndiye aliyehangaika na maji na kuni, na kicheko chake kimelipiwa kwa jasho. Ni kweli. Lakini hata Heyman na Punk ni watu wa ulingo mmoja na Lawler, na miili yao hulipa bei hiyohiyo. Tofauti ninayoiona mimi iko kwingine. Mtani hutania msiba ambao kila mtu ameshauthibitisha. Hakuna mtani, hata awe mchokozi wa namna gani, anayebisha hodi saa nane usiku kuleta taarifa ya kifo cha uongo. Akifanya hivyo si utani tena, na watu hawatasema kwamba ni utani uliozidi. Watamtenga. Sauti inayoleta taarifa ya msiba hakuna aliyeruhusiwa kuichezea, kwa sababu siku inayofuata itahitajika.

Hoja ya mtani wangu ilinitenganishia vitu viwili ambavyo mashabiki huvipika chungu kimoja. Heyman alikosa staha. Wapangaji walikosa staha zaidi mwaka 2006, Eddie Guerrero akiwa na miezi michache tu kaburini, walipompa Randy Orton maneno ya kumwambia Rey Mysterio kwamba rafiki yake huyo yuko motoni, ili tu mkanda wa WrestleMania uwe na uchungu. Eddie hakuwepo kujibu majigambo. Mechi yenyewe siikumbuki kwa mapenzi, ingawa Rey alishinda na nilitaka ashinde. Lakini katika yote mawili hakuna aliyedanganywa. Agostino angekunja uso na kupita.

Kosa ninaloliona kubwa halina kelele, na ndiyo maana halilalamikiwi. Mwamuzi wa mieleka ana alama yake: mwanamieleka akiumia kweli, huinua mikono juu ya kichwa na kuipishanisha iwe X, ili walio nyuma ya pazia wajue waje na daktari. Alama ile haikutengenezwa kwa ajili yetu. Mashabiki wakaijua, na wapangaji walipotambua kwamba tumeijua, wakaanza kuitumia kwenye majeraha ya kupangwa. Waamuzi wamepishanisha mikono juu ya watu wazima wa afya. Watangazaji wameshusha sauti, ileile ya Kansas City, kwa ajili ya machela iliyoandikwa kwenye mpango wa jioni. Jukwaani hakukosekana staha hata kidogo, wote walikuwa na huzuni ya kupendeza.

Najua jibu la wapangaji: mtazamaji wa leo anajua kila kitu, na njia pekee iliyobaki ya kumgusa ni kumfanya asiwe na hakika. Kisanaa wana hoja. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa mbele ya simu na moyo ukinidunda kwa jeraha ambalo baadaye lilikuwa si lolote, na dakika zile zilikuwa nzuri, siwezi kukataa. Ila dakika zile zina mkopeshaji, naye ni mwanamieleka atakayeanguka vibaya Jumatatu fulani ijayo, wakati daktari, mwamuzi na watu wa mstari wa mbele watakapohitaji kuamini mara moja.

Mtani wangu siku hizi huja kutazama nami, kwa ajili ya kunicheka. Juzi mwanamieleka aliruka kutoka kwenye kamba, akatua vibaya, akabaki amelala. Mwamuzi akapiga magoti, akasimama, akapishanisha mikono.

"Huyu kaumia kweli?" mtani akauliza.

Nikamwambia anyamaze kwanza, niwasikilize watangazaji.