Mikono Iliyokuwa Mizito

JUMANNE

Soma Kutoka 17:8–13. Mikono ya Musa iliposhuka, ni nini kilichotokea vitani? Haruni na Huri walifanya nini?

Katika milima ya Usambara mashamba mengi yako kwenye miteremko mikali. Siku ya soko, akina mama huelekea Lushoto kwa njia za miguu, matenga ya mboga yakiwa kichwani. Miguu yao huvumilia mwendo mrefu, kwa sababu katika kila hatua msuli hukaza na kulegea, na unapolegea damu hupita kwa urahisi. Lakini mkono ulioinuliwa kushika tenga huchoka mapema. Msuli uliokazwa bila kulegea huibana mishipa ya damu. Oksijeni hupungua, na mabaki ya kazi hujikusanya. Neva hupeleka habari kwenye ubongo, na mkono huanza kuuma na kutetemeka. Ubongo huamsha nyuzi nyingine za msuli zisaidie, lakini nazo huchoka, na hatimaye amri za ubongo wenyewe hufifia. Mkono hushuka, hata kama mwenyewe hataki.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Musa. Biblia haisemi kwamba imani yake ilipungua, bali kwamba mikono yake ilikuwa mizito. Haruni na Huri hawakumkemea. Walimpatia jiwe la kukalia, kisha wakaitegemeza mikono yake, kila mmoja upande wake, hadi jua lilipotua.

Huenda katika kanisa lako yuko mama anayeuguza mgonjwa usiku kucha, au mzee wa kanisa anayefanya kazi za watu watatu. Akianza kukosa ibada, watu husema amepoa kiroho. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: huonekana mwepesi kwa sababu uko kichwani pake. Lakini mwenye tenga zito huhitaji mtu wa kumtwika, na afikapo, mtu wa kumtua. Kumhimiza tu aongeze mwendo si msaada.

Mungu aliyeuumba msuli uhitaji kulegea ndiye aliyempa mwanadamu Sabato (Kutoka 20:8–11), na ndiye anayewaagiza watu wake wachukuliane mizigo (Wagalatia 6:2).

Tafakari: Ni nani aliye karibu nawe ambaye uchovu wake umeuita udhaifu wa imani? Ni kazi gani moja utakayompokea kabla ya Sabato ijayo?