Mafuta ya Kijani

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoliua gari la babangu kwa chupa moja ya mafuta.

Lilikuwa Citroën DS ya 1971. Baba aliuziwa na mwajiri wake, Mfaransa aliyekuwa anarudi kwao. Watoto wa mtaa walikuja asubuhi kulitazama likiamka: baba anawasha injini, gari linatulia kidogo, kisha linajiinua polepole kama ngamia. Halina springi. Kila gurudumu lina tufe la chuma, ukubwa wa tikiti dogo, ndani yake gesi ya naitrojeni upande mmoja, mafuta upande wa pili, na utando wa mpira katikati. Mafuta hayo ni ya kijani. Ndiyo yanayobeba gari, na ndiyo hayo hayo yanayofunga breki.

Siku moja baba akiwa safarini, niliona mafuta yamepungua. Nilitaka kutoka na gari, nionekane. Nikanunua mafuta ya breki ya kawaida, nikamimina. Kwangu mafuta yalikuwa mafuta. Sikujua kwamba hayo huharibu mipira inayozuia mafuta ya kijani yasivuje: huivimbisha, kisha huilegeza. Baada ya wiki chache gari lilikuwa linavuja kila mahali. Baba alifungua tangi, akanusa, akafunga. Hakuniuliza kitu. Alilifunika kwa turubai, na miaka sita baadaye tukamzika bila kuwahi kuongea juu yake.

Mwaka jana nilianza kulifufua. Fundi mmoja wa Kirinyaga Road alilizunguka mara mbili, akacheka. "Boss, toa hizi mapaipu zote. Tunaweka springi, Disemba unaendesha."

Simdharau. Nchi hii inatembea kwa sababu ya watu kama yeye, wanaokataa kusema haiwezekani. Lakini katika DS, breki za nyuma huchukua nguvu kutoka kwa mafuta yanayobeba sehemu ya nyuma. Ukijaza mzigo kwenye buti, breki za nyuma nazo zinakaza zaidi. Ukiondoa ule mfumo ubaki na umbo tu, umeondoa pia kile kinachoambia breki gari lina uzito gani. Basi tulisafisha kila paipu, tukabadilisha kila mpira, tukaagiza matufe mapya. Pesa nilizotumia sitazitaja, mamangu husoma vitu ninavyoandika.

Kuna swali la kale la Wagiriki: meli ikibadilishwa mbao zote, je, bado ni meli ile ile? Wanafalsafa hulipenda. Mimi halikuninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni hiki: je, kosa nalo linaweza kubadilishwa kipande kwa kipande mpaka liishe?

Dadangu alikuwa anaolewa Agosti. Alitaka jambo moja tu, atoke kanisani ndani ya gari la baba. Wiki mbili kabla ya harusi, gari liliinuka. Mama alilia. Majirani walipiga makofi. Mimi pekee, pamoja na fundi, tulijua kwamba tufe linalohifadhi akiba ya presha ya breki lilikuwa bado lile la zamani, halishiki tena gesi. Injini ikizimika kwenye mteremko, huenda ukakanyaga breki usipate nguvu ya kutosha.

"Si ni kilomita nne tu?" dadangu aliuliza.

Nilikataa. Akaniambia nalipenda gari kuliko yeye. Hapo nikamweleza kuhusu ile chupa, miaka yote niliyonyamaza, na kwamba sitaki kurudia haraka ile ile mara ya pili. Nilidhani atalainika. Aliniangalia kwa muda mrefu.

"Sasa mimi nifanye nini na hiyo habari? Nilitaka gari tu."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimembebesha mzigo usio wake, wiki mbili kabla ya siku yake, kwa sababu mwenye kuupokea hayupo. Na nikiwa mkweli, sehemu ya kukataa kwangu ilikuwa kiburi: nilitaka kazi yangu ya toba ikamilike, isiwe na kasoro. Lakini hata nikiondoa kiburi chote, breki zinabaki pale pale. Mtoto anayevuka barabara hajui kama dereva anamlilia babake. Hana haja ya kujua. Anachonidai ni gari lisimame.

Pengine deni la marehemu hulipwa hivyo, kwa watu wasiokujua na ambao hawatakushukuru. Halifutiki. Linabadilisha tu anayedai.

Dadangu alitoka kanisani ndani ya Toyota ya kukodi, na picha zilitoka vizuri. Tufe lilifika Oktoba. Jumapili ya kwanza nilipotoka na gari, mtu wa boda alikatiza mbele yangu kwenye raundabauti, na abiria wawili nyuma yake. Nilikanyaga breki. Gari likasimama pale pale.

Aligeuka, akanipungia mkono kwa hasira. "Mzee, peleka hiyo kitu museum!"

Nikamwashia taa apite.