Ng'ombe wa Rumanyika

Krismasi moja ilinikuta Murongo, mpakani, mahali ambapo mto Kagera unaitenga Tanzania na Kikagati ya Uganda, nikiwa nimekwama kwa sababu isiyo na uzito wa kusimuliwa. Na asubuhi, nilipotoka chumbani, nilimkuta kwenye baraza ya nyumba ya wageni kijana wa Kizungu, shanta yake imeegemezwa ukutani, tope la vuli limemkaukia miguuni, akiwatazama watu waliokuwa wakienda kanisani, na watoto wao wakitembea kwa tahadhari ya mtu ambaye viatu vyake vipya bado vinambana. Nikamsabahi, akanijibu, nikapita zangu. Kwani nilijiambia, kama aghalabu tujiambiavyo, kwamba Wazungu hupenda faragha, na kumwingilia mtu katika faragha yake si adabu.

Jua lilipopanda na bonde likaanza kufukuta, nilianza kujihoji kama dhana ile ilikuwa heshima, au ni uvivu uliovaa kanzu ya heshima.

Je, sikukuu ya mtu aliye peke yake ni sikukuu? Wako watakaosema kwamba ibada ni ya moyo na kwamba Mola haulizi idadi ya walioketi chakulani, na kwa upande wa dua maneno hayo ni kweli, maana mtu aweza kuomba hata akiwa pangoni. Lakini sikukuu ni siku ambayo watu wamekubaliana kuiona kuwa kuu, na makubaliano hayafungwi na mtu mmoja. Katika dini niliyolelewa, Ijumaa haisaliwi na mtu peke yake; hata hivyo sharia iyo hiyo humwondolea msafiri wajibu wa Ijumaa, humpunguzia sala za rakaa nne zikawa mbili, humruhusu kula mchana wa Ramadhani akazilipa siku zake baadaye, kisha, baada ya kumtua mizigo yote hiyo, humpa haki katika mali ya wengine, kwa kuwa Kurani, katika Sura ya Toba, yamtaja ibnu sabili, yaani mwana wa njia, miongoni mwa watu wa namna nane wanaostahiki zaka. Mambo haya niliyasoma tangu utotoni, chuoni, wala sikuyatia maanani mpaka siku ile barazani: kwamba mzigo anaotuliwa mgeni hupandishwa begani mwa mwenyeji.

Nchi ile ililijua jambo hili kabla yangu. Murongo sasa imo katika wilaya ya Kyerwa, iliyokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na Karagwe ya kale ilikuwa ufalme wa Rumanyika, mwenye makao yake Bweranyange, ambako mwishoni mwa Novemba 1861 walifika Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, wakilitafuta chimbuko la Nile. Krismasi iliwakuta huko, Grant akiwa mgonjwa wa mguu, kwao kuko mbali miezi mingi ya safari. Rumanyika, ambaye hakuwa Mkristo wala Mwislamu, alipata habari kwamba siku ile Waingereza hula nyama ya ng'ombe, akawapelekea ng'ombe. Speke mwenyewe alilitaja jambo hilo katika kitabu cha safari yake kilichotoka mwaka 1863. Ni nani aliyempasha mfalme habari hiyo? Nadhani ni watu wa msafara, ambao wengi wao walikuwa Waungwana waliotoka Unguja, na kwao Krismasi ilikuwa siku kama siku nyingine. Tazama basi njia iliyopita sikukuu ile: ilitoka kinywani mwa wasioifuata, ikaingia sikioni mwa asiyeijua, hata ikawafikia wenyewe ikiwa ng'ombe mzima.

Sisemi kwamba Rumanyika alikuwa walii. Alikuwa mfalme mwenye hesabu zake, na ndugu yake alikuwa akimgombea kiti, hivyo urafiki wa wageni wenye bunduki haukuwa kitu cha kudharau. Lakini hisani haibatiliki kwa sababu mtoaji naye ana haja.

(Wako wasafiri wanaonung'unika kwamba Krismasi ya nchi ya joto si Krismasi. Hao nawapita upesi: theluji waliiongeza watu wa kaskazini, kama sisi tulivyoongeza pilau.)

Turudi Murongo: adhuhuri mwenye nyumba ile ya wageni, mama wa makamo, alitandika mkeka barazani akaleta sinia ya ndizi zilizopikwa kwa nyama, na kibakuli cha senene wa kukaanga, maana ulikuwa msimu wao. Hakuuliza mtu kama anapenda faragha. "Mgeni, karibu chakula," alimwambia kijana, kisha akanigeukia: "Na wewe, baba, mbona umesimama?" Kijana alimshika senene kwa vidole viwili, akamgeuza, akatazamana naye kitambo, akamla. Tulipokuwa tukila alitueleza, kwa Kiswahili alichojifunza kitabuni, kwamba alikuwa ameikimbia kwa makusudi sikukuu ya kwao, iliyozoea kuishia katika ugomvi, na kwamba tangu alfajiri alikuwa akijuta.

Yamkini mtu atasema kwamba aliuchagua mwenyewe upweke wake, na aliyechagua aachwe. Mimi sikubali. Aliyechagua upweke ana haki ya kuikataa sinia, lakini ataikataaje ambayo haijaletwa?

Kesho yake alivuka mto kwenda Kikagati, na katika mfuko wa shanta mlikuwa na kahawa za kutafuna alizofungiwa na yule mama katika kipande cha jani kavu la mgomba. Mimi sikumpa kitu.