Siri Ina Umri Gani?

Mgonjwa wa Kifaru, chini ya milima ya Upare, amwelezapo mganga wa zahanati ugonjwa wake, huamini kwamba neno hilo litakaa pale pale. Siku hizi habari za namna hiyo zazidi kuandikwa katika kompyuta na kupitishwa mitandaoni, zikiwa zimefungwa kwa kufuli ya hesabu. Kufuli nyingi za aina hiyo hutegemea jambo moja: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni rahisi, bali kuzitambua tena kutoka katika jawabu lake ni kazi ya miaka isiyohesabika.

Mwaka 1994 mtaalamu wa Marekani, Peter Shor, alionyesha kwamba kazi hiyo yaweza kuwa nyepesi kwa kompyuta ya kwanta. Kompyuta ya kawaida huandika kila alama kuwa 0 au 1. Kyubiti ya kwanta yaweza kuwa mchanganyiko wa zote mbili mpaka ipimwe, na hesabu iliyopangwa vema huyafanya majibu ya uongo yafutane, la kweli lijitokeze. Mwaka 2001 chombo cha kyubiti 7 kiliigawanya namba 15 kuwa 3 na 5. Mtoto wa shule angecheka; lakini njia ilikwisha kuonekana.

Wengine watasema: chombo chenye nguvu ya kuvunja kufuli zetu hakijaonekana bado, ya nini kuhangaika, na hali zahanati zapungukiwa dawa? Twajibu: mwizi aweza kuinakili leo habari iliyofungwa, akaiweka, akangojea ufunguo. Wizi ni wa leo. Kilichoahirishwa ni aibu tu.

Tena siri zote hazina umri mmoja. Habari ya fedha zilizotumwa jana itapoa mwakani. Habari ya ugonjwa humfuata mtu mpaka kaburini, pengine na watoto wake. Basi sisi twaona kwamba aliyeahidi kutunza siri ameahidi kwa muda wote ambao siri hiyo yaweza kudhuru, si kwa muda ambao kufuli yake yaweza kudumu.

Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, yawataka watunzaji wazilinde habari za watu. Kanuni za kufuli mpya zilitangazwa Marekani mwezi Agosti 2024. Yafaa wenye mabenki na hospitali wazitazame mapema. Nao wasio na fedha za kufuli mpya wanao ulinzi usiogharimu kitu: wasiandike lisilohitajiwa. Neno lisiloandikwa halina ufunguo.